Viatu vya Likizo

Somo: 1 Samweli 17:38–40



Majira ya likizo yakifika, mabasi yaingiayo Sikonge huwaleta watoto wetu wanaokuja kuwasalimu wazazi. Wengi hawaji mikono mitupu, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Leo nataka kusema habari ya zawadi moja tu, nayo ni viatu vya mitumba.

Neno lenyewe ni la njia yetu. Zamani za misafara, mtumba ulikuwa furushi la nguo alilojitwika mpagazi Mnyamwezi kutoka pwani hadi Tabora. Siku hizi ni nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa mbali. Wengine huviita kafa Ulaya. Mimi sivisemi vibaya. Kiatu cha ngozi cha mtumba mara nyingi hukishinda kipya cha plastiki. Ila kimekwisha kuufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza: kisigino kimelika upande mmoja, soli ya ndani imebonyea penye vidole vyake, na namba iliyoandikwa haisemi tena kweli yote.

Basi kijana yuko likizo, anapita sokoni. Anaona kiatu cha kike, cheusi, kizuri, bei nafuu. Anakumbuka mguu wa mama yake kama alivyouona miaka mitano iliyopita, ananunua. Nyumbani mama anapokea kwa mikono miwili na vigelegele. Mwana anauliza, “Vimekutosha, mama?” Naye hujibu, “Vimenitosha, baba.” Jumapili anavivaa kwenda kanisani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, ili mwanawe aone. Nani atamwambia mtoto aliyetoka mbali kwamba zawadi yake inauma?

Mfalme Sauli naye alitoa zawadi. Alimvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita, chapeo na dirii, wala si makombo. Daudi akajaribu kwenda, akaona hawezi, akavua. Wahubiri humsifu Daudi hapa, na wana haki. Mimi namsifu na Sauli kidogo, ingawa si mtu apataye sifa nyingi, kwa kuwa hatusomi kwamba alikasirika zawadi ya mfalme ilipovuliwa mbele ya watu wake.

Katika nchi hii alipita mzee mwingine aliyeteswa na viatu. Januari 1872 Dk. David Livingstone alikuwa akitembea pamoja na Stanley kutoka Ziwa Tanganyika kuja Unyanyembe, wakafika mwezi wa Februari. Stanley ameandika kwamba miguu ya mzee ilitoka damu, na kwamba viatu vyake alikuwa amevikatakata kwa kisu ili miguu ipate nafuu. Hakuwa na mtu wa kumwonea haya. Mama zetu hawakati, huvumilia.

Tena iko miguu isiyoweza hata kulalamika. Watu wa Sikonge wanalijua hili kuliko wengi, maana hapa ndugu zetu Wamoravian waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Ukoma ukiharibu mishipa ya fahamu, mguu hausikii maumivu. Kisukari nacho chaweza kufanya vivyo hivyo, nacho kimeingia katika nyumba nyingi za wazee. Mtu wa namna hiyo akijaribu kiatu huenda akachagua kinachobana, kwa sababu kinachomkaa vizuri hakisikii kabisa. Asubuhi kinamchubua, mchana lengelenge linapasuka, jioni anavua na kukuta damu kwenye soksi. Kidonda hicho kikipuuzwa chaweza kumaliza kidole, hata mguu. Kwa mzee huyo kuuliza “Vinauma?” hakutoshi. Hatakudanganya akisema haviumi. Itakubidi uinamishe kichwa, uitazame miguu yenyewe, nyayo na katikati ya vidole.

Mungu hakutuokoa kwa kukisia. Mwanawe alitwaa mwili huu huu unaochoka na kuchubuka, akatembea njia zetu za vumbi. Na usiku ule aliosalitiwa alipiga magoti, akaishika miguu ya wanafunzi wake mmoja mmoja (Yn. 13). Sidhani kwamba aliosha bila kuona. Alijua nani ana nyufa na nani ana kidonda, na mguu wa Yuda pia aliushika. Sisi je, ni nani kati yetu ameushika mguu wa mama yake tangu alipokuwa mtu mzima?

Wewe utakayerudi mjini wiki hii, usiondoke kabla hujampima. Fanya jioni, miguu inapokuwa imetanuka kwa kazi za kutwa. Asimame juu ya karatasi, uchore kwa kalamu miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani. Kata karatasi hizo, zitunze, na siku ya kununua uzitie ndani ya viatu. Zikijikunja pembeni, virudishe mezani kwa muuzaji, hata vikiwa vizuri namna gani. Kisha ingiza mkono, utafute msumari uliochomoza.

Nawe mama uliyekwisha kuvipokea, mwite kijana wako kabla basi halijaondoka, umwambie, “Baba, vinanibana.” Fundi wa viatu akishindwa kuvitanua, yuko binti wa jirani ambaye vitamkaa.