Adabu ya Roho

Watu wengi hupenda uhuru, lakini wachache huuliza uhuru huo hupatikana kwa njia gani. Mtu asiyeweza kuamka kwa saa aliyoipanga, kunyamaza akikasirika, wala kuacha kula akishiba, hana bwana wa nje. Walakini ndani anao watatu: usingizi, hasira na tumbo. Kwa sababu hii Wakristo, tangu zamani, wamezishika sala, saumu, ukimya na sadaka kuwa ni adabu za kuilea roho.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korintho, aliyafananisha maisha yao na mashindano ya mbio. Mfano huo ulifaa, maana karibu na mji ule palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Mkimbiaji hujinyima mengi. Hafanyi hivyo kwa kuuchukia mwili wake, bali ili umtii siku ya mashindano. Ndivyo ilivyo saumu. Si adhabu ya mwili, wala si fedha ya kununulia neema ya Mungu, maana neema haiuzwi. Ni zoezi.

Zoezi lahitaji kiasi. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa kanuni yenye saa za sala, za kusoma na za kazi ya mikono. Lakini wagonjwa, wazee na watoto aliagiza wapunguziwe ukali wa chakula. Alijua kuwa kamba ikivutwa kupita kiasi hukatika.

Hatari kubwa zaidi ni kiburi. Yesu alisimulia habari za Farisayo aliyesali hekaluni akijisifu kuwa hufunga mara mbili kwa juma, huku akimdharau mtoza ushuru aliyesimama mbali. Tumfikiri, kadhalika, mwanafunzi afungaye Kwaresima yote. Adhuhuri njaa yamuuma; mtoto wa kidato cha kwanza amwaga maji bwenini, naye amtukana mbele ya wenzake. Kinywa chake amekifunga kisipokee chakula, hakukifunga kisitoe matusi.

Je, afadhali asifunge kabisa? La. Mwenye jembe butu halitupi; hulinoa. Nabii Isaya alikwisha kutoa kinoo chenyewe: alifundisha kuwa saumu impendezayo Mungu huwagawia wenye njaa chakula na kuwaondolea nira walioonewa. Basi jioni ya siku ya mfungo, mtu asihesabu saa alizoshinda na njaa. Aulize ni nani aliyepata nafuu kwa sababu yake. Na mwanafunzi yule, kabla hajaketi kula, aende kwanza bwenini akamtake radhi mdogo wake.