Banda la Mabanzi

Kiswahili kina neno moja, rahisi, lenye maana mbili: kitu kisicho na bei kubwa, na kazi isiyo ngumu. Kwa Waarabu, ambao tuliliazima neno hilo kwao, ni hasa la bei. Ugumu na wepesi wa kazi tumeuongeza sisi. Kwa miaka mingi nilizitumia maana hizo mbili pamoja bila kujiuliza, mpaka nilipojenga banda la kuku kwa vitu vya kuokoteza, nikiamini kwamba lisilonigharimu fedha halitanigharimu kitu kingine.

Naishi Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, karibu na mashine ya kupasulia mbao. Pale kuna mabanzi kila siku: vile vipande vya ubavuni mwa gogo, upande mmoja umepasuliwa na upande wa pili bado una gome. Watu huyanunua kwa kuni. Nilichukua mkokoteni mmoja, nikapata mabati manne kwa jirani aliyekuwa akiezeka upya, na kopo la misumari iliyopinda. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeinyoosha, akiwa amechuchumaa kwenye jiwe, anaugeuza msumari kidogo kila anapoupiga, na anaubingirisha kiganjani kuona kama bado una kibiongo. Jumamosi mbili banda likasimama. Nikaingiza kuku 15, nikahesabu kazi imekwisha.

Wiki ya tano kuku wakaanza kugoma. Jua likizama wanapanda mwembe, na niliowaingiza kwa nguvu usiku, asubuhi walitoka wamenywea, vilemba vimepauka. Niliwatafutia fimbo, kwa kuwa niliona ukaidi tu. Mama ndiye aliyekuja kutoka Kilosa kunisalimu, akakaa kibarazani jioni ile akiwatazama.

“Mwanangu, kuku hakimbii nyumba bure. Umeikagua?”

Nilimwambia naifagia kila siku. Hakunijibu. Aliomba kisu, akaingia, akachomeka ncha chini ya gome la banzi moja karibu na fito wanazolalia kuku, akalibandua. Chini yake palikuwa na utitiri, wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi, wengine wa kijivu, wengine wekundu kwa kushiba. Alimponda mmoja kwa ukucha, akanionyesha kidole: damu. Wadudu hao mchana hujificha kwenye nyufa na usiku hutoka kunyonya. Mimi niliyeona magome yanapendeza, yanalipa banda sura ya shamba, nilikuwa nimewajengea wao nyumba, na kuku nikawafanya chakula chao.

Niliona aibu, na aibu hiyo imenifundisha kuliko hasara. Kuku hawezi kuhama kwangu. Hachagui ubao, hapimi upenyo wa hewa. Mwembe ndio maneno pekee aliyokuwa nayo, na mimi nilimjibu kwa fimbo.

Wahenga wana msemo mkali: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Nilikuwa nikiusoma kama msemo wa bahati mbaya. Siku hizi, kila ninapousikia, naona banda. Kuku anayenyonywa damu usiku kucha hupunguza mayai. Anayelalia akiwa anaumwa na wadudu huyaacha mayai yapoe. Vifaranga wa chini ya bati linalovuja hawafiki mbali, na mwewe humpata aliyekosa pa kujificha. Wala simlaumu mkata. Anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki hana jioni ya kubandua magome. Uangalifu nao una bei, na mara nyingi asiye na fedha ndiye asiye na muda vilevile. Ndiyo maana sipendi kusikia banda la vitu chakavu likisifiwa kama jambo jepesi la kuwafaa maskini.

Tulilibomoa. Magome yote yalibanduliwa na kuchomwa, mabanzi yakamwagiwa maji ya moto, yakapakwa chokaa mpaka ndani ya nyufa. Safari hii nililiinua juu ya ardhi, pande ndefu zikitazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Nusu ya juu ya kuta ni wavu, maana harufu ya kinyesi ikikosa pa kutokea huwasha macho ya kuku kabla hujaisikia wewe uliye nje. Kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo la rangi lenye oili chafu, dhidi ya siafu. Fedha iliyotoka ilikuwa ya wavu na bawaba tu. Muda sikuuhesabu.

Kwa mlango nilipata paleti. Fundi mmoja alinizuia nisiipige msumari kabla ya kutafuta muhuri wake. Mbao za paleti zinazosafiri baina ya nchi huchomwa alama: HT maana yake ziliuliwa wadudu kwa joto, MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, methili bromaidi. Yangu ilikuwa HT. Ingekuwa MB ningeiacha pale pale, kama nilivyoacha mbao za dirisha la kale zilizobambuka rangi, kwa kuwa kuku hudonoa kila kitu na rangi za zamani nyingi zina risasi. Yai lake analikula mwanangu.

Ugonjwa wa kideri, hata hivyo, hauzuiwi na banda, liwe la mabanzi au la matofali. Kwa huo tunategemea chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wangu, kwa hiyo majirani tunachanga na siku hiyo tunazunguka nyumba kwa nyumba, mmoja anashika kuku, mwingine anadondosha.

Zilibaki fito za kulalia. Nilitaka kitu kilicholainika, kisicho na ufa wala gome, na stoo kulikuwa na kitanda cha bibi yangu, mama yake Mama, kilichovunjika tendegu zamani. Chaga zake zilikuwa mninga, zimeng'aa kwa migongo ya watu. Sikuthubutu kuzigusa bila ruhusa. Nilimpigia Mama simu Kilosa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema nizichukue, ila mwenyewe atakuja kuziona.

Alikuja mwezi uliofuata. Giza lilipoingia kuku walipanda ngazi mmoja mmoja bila kufukuzwa, hata yule mwekundu aliyekuwa wa kwanza kuhamia mwembeni. Mama alifungua mlango kwa uangalifu, tochi ameielekeza chini asiwashtue, akawahesabu kwa midomo tu. Kisha alinyoosha mkono mahali palipobaki nafasi, akapitisha kiganja juu ya chaga ya tatu, akarudi nayo polepole mpaka penye kovu la msumari.

“Hii,” alisema, “ndiyo iliyokuwa ikilia usiku, mama akigeuka.”