Mama anayenyonyesha akiugua titi, nani abebe mzigo?

 

Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo kwa kawaida haliletwi mimbarani. Wanaume wengi wataona ni habari za akina mama, nao watauruka ukurasa huu. Nawaomba wasiuruke, maana swali lenyewe linawahusu kuliko wanavyodhani. Swali ni hili: mama anayenyonyesha akipata ugonjwa wa titi, uvumilivu tunaomsifu ni fadhila yake, au ni njia yetu ya kukwepa sehemu yetu ya mzigo?

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuujue. Titi, au ziwa kama wengi wetu tulivyozoea kusema kule Kongo, linavimba upande mmoja, linakuwa gumu na la moto, linauma hata nguo ikiligusa. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tusingoje kuuona. Halafu inakuja homa, baridi ya kutetemeka, na mwili wote unauma kama wa mtu aliyepigwa. Mara nyingi hutokea katika majuma 6 ya kwanza baada ya kuzaa, ingawa unaweza kumpata mama wakati wowote akiwa bado ananyonyesha.

Hapa Bugoye malaria ni nyingi. Mama akitetemeka tu, nyumba nzima inasema ni malaria, anameza dawa za malaria, na titi halitazamwi na mtu. Kweli, malaria inaweza kuwa ipo, basi apimwe damu. Lakini aulizwe pia: je, titi linauma? Mama mwenye haya hatalisema mwenyewe mbele ya baba mkwe wake. Tena tunakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliyovuka mpaka na kufika Kasese mwezi wa Juni 2019. Pale Mpondwe waliovuka walipimwa joto la mwili. Wakati kama ule mama mwenye homa ya titi alikuwa na sababu mbili za kunyamaza: haya na hofu.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Mara nyingi unaanza maziwa yanapokaa ndani bila kutoka vizuri. Labda mtoto hakulishika titi sawasawa, labda amekaa muda mrefu bila kunyonya, labda kitambaa cha kumbebea kimefungwa na kubana juu ya titi. Chuchu ikipasuka, vijidudu vinapata mlango wa kuingilia.

Sasa tazameni siku ya mama mmoja kati yetu. Saa 12 asubuhi anatoka kwenda lejaleja katika shamba la mtu. Mtoto wa majuma matatu anabaki na dada yake wa miaka 8. Mama anarudi saa 8 mchana. Maziwa yamekaa saa nane. Anakuta jerikeni tupu na jiko halina kuni, anatelemka mtoni kwanza, ndipo amshike mtoto. Wako akina mama wanaopumzika vizuri na bado wanaugua, hilo ni kweli. Lakini kwa wengi wetu ugonjwa unaanzia katika jinsi nyumba ilivyogawa kazi, kabla haujafika katika titi.

JE, NI DHAMBI YAKE?

Titi likivimba, maneno yanaanza kijijini. Huyu anasema ni jicho la jirani. Yule anasema mama amekosa uaminifu, ndiyo maana maziwa yameharibika. Mwingine anasema hakuomba vya kutosha. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo walipomwona kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa njia zote mbili (Yohana 9:3).

Maneno haya yanaumiza kwa njia mbili. Yanamsingizia mama, na yanamfanya afiche. Mama anayejua kwamba titi lake litakuwa habari ya kijiji atalifunga kwa kitambaa na kunyamaza hadi usaha utoke. Anayesengenya mgonjwa wa titi ameshiriki katika kuukuza ugonjwa wake.

MAOMBI NA DAWA

Wako pia wanaosema kwamba kwenda kwa mganga wa hospitali ni upungufu wa imani. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:5, 21). Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado jipu likapewa dawa. Tumwombee mama, kisha tumtafutie pikipiki ya kumfikisha kituoni.

Haya ndiyo mambo ambayo wahudumu wa afya wanafundisha leo:

1. Aendelee kunyonyesha, hata titi linalouma. Maziwa yake hayamdhuru mtoto mwenye afya. Kuacha ghafla kunaongeza uvimbe. Maumivu yakizidi, akamue kwa mkono taratibu, kadiri ya haja ya mtoto tu, bila kuzidisha.

2. Titi lisisukumwe wala kukandwa kwa nguvu. Zamani wengi tulifundishwa maji ya moto na kukanda sana. Siku hizi wanashauri mkono mwepesi na kitambaa kilicholowa maji ya baridi, ili uvimbe upungue.

3. Anaweza kumeza paracetamol, au ibuprofen kama hana vidonda vya tumbo, kwa kipimo alichoambiwa.

4. Kama hapati nafuu ndani ya saa 24, au anazidi kuwa mbaya, aende kituo cha afya cha Bugoye, au hospitali ya Bwera kwa walio karibu na huko. Huenda akahitaji antibayotiki. Azimalize zote alizoandikiwa. Vidonge vitatu vya kununua dukani havitoshi. Likiwa jipu, mhudumu atatoa usaha kwa sindano au kwa kupasua kidogo. Wembe wa nyumbani usiliguse.

5. Mama anayeishi na VVU aende siku hiyohiyo. Asiache dawa zake, aendelee na titi zima, na titi linaloumwa asimpe mtoto kabla ya kupata maagizo.

Mtaona kwamba nimeacha jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Wahudumu wanasema pia: apumzike.

HESABU YA MAPUMZIKO

"Lakini mchungaji, mapumziko gani katika ukimbizi?" Nawasikia. Mgao wa chakula ulipunguzwa 2020, ukapunguzwa tena 2021, na tangu 2023 familia zimegawanywa kwa makundi, wengine wakipata kidogo na wengine bila kupata. Mama asipolima leo, kesho sufuria ni tupu. Anayesema hivyo si mvivu wala hakosi imani. Anafanya hesabu.

Basi tuimalize hesabu hiyo. Mama akipumzika siku tatu, nyumba inapoteza ujira wa siku tatu. Asipopumzika, ugonjwa unaweza kuwa jipu, naye akakosa shamba majuma kadhaa. Kuna nauli ya kwenda Bwera. Kuna hatari ya maziwa kukatika, na maziwa ya kopo hatuwezi kuyanunua, na yakichanganywa na maji machafu yanaleta kuhara. Mapumziko yana gharama, lakini kukosa mapumziko kuna gharama kubwa zaidi. Tofauti ni mlipaji. Gharama ya kwanza inaweza kugawanywa kati ya watu wengi. Ya pili inalipwa na mama na mtoto wake peke yao. Nadhani ndiyo sababu tunaichagua ya pili bila hata kuifikiri.

Yakobo alikuwa njiani kama sisi. Alikuwa na familia, mifugo mingi na hofu ya ndugu yake, na Esau alitaka waende pamoja. Yakobo akakataa mwendo ule. Alisema watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, wanyama wakiharakishwa siku moja tu watakufa. Esau atangulie, yeye atakwenda polepole (Mwanzo 33:13-14). Hakuwaambia wanaonyonyesha wavumilie. Alibadilisha mwendo wa msafara wote.

Elkana naye alikuwa na safari ya kila mwaka kwenda kuabudu Shilo. Hana akasema hatakwenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya, na mumewe akamwambia afanye aonavyo vema (1 Samweli 1:22-23). Kama nyumba ya Bwana iliweza kumngoja Hana, basi mazoezi ya kwaya na mkesha wa Ijumaa vinaweza kuwangoja mama zetu. Na binti Farao, mwanamke wa taifa lingine, alimlipa mama yake Musa mshahara wa kumnyonyesha mtoto (Kutoka 2:9). Yeye alielewa kwamba kunyonyesha ni kazi. Sisi tunamwona mama ameketi na mtoto, tunasema amekaa bure.

FURUSHI NA MZIGO

Mtume Paulo katika Wagalatia sura ya 6 anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mstari wa 2 unatuagiza tubebeane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Mama anayenyonyesha anatusaidia kuelewa yote mawili. Kunyonyesha ni furushi lake. Hakuna baba wala shemasi anayeweza kumsaidia kutoa maziwa. Lakini maji, kuni, jembe, kufua, kumshika mtoto mkubwa, kupanga foleni ya chakula, hivyo vyote ni mizigo ya kubebeana. Kwa mazoea tumeviunganisha na titi, tukaviita vyote kazi ya mama.

Kwa hiyo nalijibu swali la mwanzo hivi. Uvumilivu ni fadhila mtu anapobeba kile ambacho hakiwezi kuondolewa. Maumivu ambayo jerikeni mbili za maji zingeyapunguza siyaiti msalaba. Yesu aliuchukua msalaba wake kwa hiari. Hatuna ruhusa ya kumtwika mwingine, kisha tukasimama pembeni tukisifu jinsi anavyoubeba vizuri.

Najua baba akionekana na jerikeni begani watu watacheka. Watasema mkewe amemlisha kitu. Ndugu yangu, waache wacheke. Kicheko cha jirani hakina homa.

Na kuna wale ambao waume zao walibaki Kongo au wamekufa. Mama kama huyo hana Elkana. Kwake nyumba ni kanisa, na deni hili ni letu moja kwa moja. Kila seli iandike majina ya akina mama waliojifungua. Kwa majuma 6 ya kwanza, kila siku mtu mmoja apeleke maji, mwingine kuni, na mmoja wa mama wazima aangalie jinsi mtoto anavyolishika titi na kumwuliza mzazi kama kuna mahali panapouma. Mama anayekwenda kibarua, mtoto aletwe kwake shambani angalau mara moja kabla ya adhuhuri. Haya hayahitaji mradi wala mfadhili.

Neno la mwisho ni kwa mama ambaye ugonjwa huu ulimshinda, titi likapasuliwa, au maziwa yakakatika, au akaona hawezi tena akamwachisha mtoto mapema. Wewe si nusu mama. Usikubali mtu akusomee Isaya 49:15 kama hukumu. Mstari ule unataja mama anyonyeshaye ili utuonyeshe jinsi Mungu asivyosahau watu wake, na wewe u mmoja wa wasiosahauliwa.

Jumapili ijayo baada ya ibada viongozi wa seli tubaki kidogo chini ya mti tuanze orodha hiyo. Akina baba waje pia, na mwenye jerikeni ya ziada aje nayo.

Mungu awabariki.

Ni mimi mchungaji wenu, mkimbizi pamoja nanyi.