Makali ya Kisu ni Deni

Wahenga walisema: Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii twaijua sote. Lakini wengi huisikia nusu tu. Huwaza kwamba ukali wa kisu ni faida ya mwenyewe: akinoa, atakula, asiponoa, atakaa na njaa, na hilo ni shauri lake. Je, ni kweli? Kunoa ni shauri la mwenye kisu peke yake, ama ni deni alilo nalo kwa watu wengine?

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Kunoa ni kupunguza chuma kwa jiwe lenye chembe ngumu kuliko chuma. Kule Ubelgiji, katika milima ya Ardennes, karibu na mji wa Vielsalm, watu walichimba tangu zamani jiwe la rangi ya manjano liitwalo coticule. Ndani yake mna chembe ndogo sana za garneti, nazo ndizo zinazokula chuma pole pole. Vinyozi walilipenda sana kwa kunoa nyembe.

Fundi hulowesha kinoo kwa maji. Kisu cha jikoni hukilaza kwa pembe ya digrii 15 mpaka 20, wala habadili pembe hiyo mpaka mwisho. Huanza na jiwe la kukwaruza, humaliza na jiwe laini. Anaponoa upande mmoja, chuma chembamba cha ukingoni hukunjika upande wa pili, kama uzi. Ukipapasa kwa kidole utausikia. Hapo hugeuza kisu. Mwisho hutwaa mkanda wa ngozi, akavuta kisu huku mgongo umetangulia. Maana makali yakitangulia, ngozi itakatwa. Mkanda huo huondoa ule uzi na kunyosha makali.

Mvivu huishia kwenye jiwe. Ule uzi wa chuma unamkwaruza kidole, naye anasema: Tazama, kikali! Kumbe ni ukali wa uongo. Katika kazi ya kwanza uzi unakunjika ama unavunjika, na kisu ni butu tena. Nani anapata hasara? Mara nyingi si yeye aliyenoa, bali yule aliyekipokea na kukiamini.

Basi tuwahesabu wenye kudai deni hili. Wa kwanza ni mkono unaofanya kazi. Kisu butu hakikati bila nguvu, na penye nguvu nyingi kisu huteleza. Anayejikata ni mama jikoni, ama mtoto aliyetumwa kumenya mihogo. Wa pili ni yule aliyeketi mbele ya kinyozi, shingo wazi. Wa tatu ni mnyama. Mtume wa Waislamu aliwaagiza wafuasi wake wanoe kisu kabla ya kuchinja, ili mnyama asiteswe. Mchinjaji wa Kiyahudi naye hupima makali kwa ncha ya kidole na kwa ukucha. Akisikia pengo hata dogo, kisu hicho hakifai. Watu hawa wamefahamu jambo moja: aliye chini ya kisu hawezi kuomba kinolewe. Sharti mwenye kisu akumbuke kwa ajili yake.

Labda mwingine atajibu: Kisu kikali ndicho kinachoua watu, heri kibaki butu. Nami namjibu: Moyo mbaya hauponywi kwa kisu butu. Mtu mwenye hasira atatafuta rungu ama jiwe. Lakini neno lake lina ukweli ndani yake. Anayenoa sharti ajue pia anamkabidhi nani, na mahali gani atakiweka asikifikie mtoto. Kunoa na kutunza ni deni lile lile.

Turudi kwenye methali. Ndiyo, mwenye kisu kikali atakula nyama. Lakini kabla hajala, yuko aliyechinjwa, yuko aliyekata, yuko aliyepika, na wote walipita penye makali yale. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoazima kisu cha jirani, usikirudishe kama ulivyokipata. Kinoe kwanza, ukimalize kwa mkanda, kisha ukitoe mpini ukielekea kwake.