Jumanne: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya aliomba nini alipoketi chini ya mretemu? Mungu alimjibu kwa njia gani?

______________________________

Eliya alikuwa ametoka kushinda Karmeli, lakini tishio la Yezebeli lilimfanya akimbie na kuomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye, huko Horebu, Mungu alimsikiliza, akampa kazi, akampa na Elisha awe mwenzake (1 Wafalme 19:9-21).

Basi wasiwasi na msongo wa mawazo si ushahidi kwamba mtu amekosa imani. Lakini mtu aliyechoka huweza kushika nafuu yoyote iliyo karibu. Mwaka 1996 California ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuruhusu bangi ya matibabu. Mwaka 2019 Pennsylvania iliongeza maradhi ya wasiwasi kwenye orodha ya magonjwa yanayomstahilisha mtu kupata kadi ya kuinunua. Tuseme ndugu mmoja huko amekesha kwa miezi mingi. Daktari amethibitisha ugonjwa wake, naye amepata kadi. Sheria ya jimbo imemruhusu. Je, swali limekwisha?

Kustahili kadi si sawa na kupona. THC, kemikali ya bangi inayolewesha, ikitumiwa kidogo huweza kumtuliza mtu; ikizidi huweza kumwongezea wasiwasi uleule. Tena wako wanaoshindwa kuiacha. Paulo anatufundisha kupima hata lililo halali: Je, linafaa? Je, litanitawala? Je, linauheshimu mwili ulio hekalu la Roho? (1 Wakorintho 6:12, 19, 20).

Hata hivyo, tusimwambie ndugu huyo, "Wewe omba tu." Eliya alihitaji usingizi, chakula, kusikilizwa na mwenzake wa kazi. Mwenye wasiwasi naye aweza kuhitaji mshauri, au dawa iliyothibitishwa kwa ugonjwa wake, wala kuimeza si dhambi. Asiache dawa zake ghafla bila kumwona daktari. Nasi tusimwache peke yake chini ya mretemu.

Katika darasa lenu la Shule ya Sabato, ni nani anayeogopa kusema kwamba halali usiku? Akisema leo, atapata kwenu hukumu, au mkate na maji?