Walitaifisha Majengo, Roho Je?

Kuna neno moja wazee waliosoma shule za mapadri hawaachi kulitumia: roho. "Shule ile ilikuwa na roho yake, bwana. Siku hizi limebaki jengo." Utalisikia msibani, utalisikia kwenye daladala, utalisikia hata kwa mzee ambaye hajatia mguu kanisani tangu siku aliyofunga ndoa. Sisi vijana tunaitikia tu "ndiyo mzee", kwa adabu, halafu mada inahamia kwenye Simba na Yanga. Leo naomba tusihamie kwenye mpira. Hiyo roho ni kitu gani hasa? Ni mali ya nani? Na Serikali ikiichukua shule, roho nayo inachukuliwa, inahama, au inakata kauli?

Tuichukue Pugu, maana iko hapo hapo, kilomita kama 20 tu kutoka Posta. Ukishaipita Gongo la Mboto unaanza kupanda vilima, hewa inabadilika, umefika. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni hapo mwaka 1888, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Haikudumu. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Walioshambulia hawakusimama kuuliza huyu ni padri au ni mtu wa ile kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imejitwalia pwani mwaka uliotangulia. Na sisi tunaosoma leo tusijifanye tofauti hiyo ilikuwa wazi sana. Nalitaja hili mapema kwa sababu wanaosimulia roho ya shule hizi hupenda kuanza na kengele ya asubuhi na bustani ya maua. Mahali penyewe palianza na swali: ninyi mmekuja kwetu kwa idhini ya nani?

Baadaye sana, katika vilima hivyo hivyo, ikaja kusimama St. Francis College. Ndipo alipopanda kijana aliyerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh na shahada yake, kufundisha historia. Jina lake Julius Nyerere. Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association, tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, na Machi 1955 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi akatakiwa achague: chaki au siasa. Akaiacha chaki mwezi huo huo, akarudi kwao Butiama bila mshahara.

Tazama jambo hili kwa makini, msomaji. Wapo wanaosema, "Mnaona? Pugu ndiyo iliyomlea Baba wa Taifa." Hapana. Pugu ilimwajiri, na ilipofika pabaya ikamwomba achague. Siwalaumu sana mapadri. Shule nyingi za misheni zilikuwa zikipokea ruzuku ya serikali ya kikoloni, na anayekula cha mtu hutazama uso wa mtu huyo. Lakini hapo hapo roho ya shule inaanza kujieleza. Ilikuwa roho yenye mipaka. Ilimruhusu mwalimu Mwafrika kufundisha vijana historia, si kuanza kuitengeneza huku akiwa kwenye orodha ya mishahara.

Na kuna jingine ambalo wazee wetu hulipita haraka. Mkatoliki huyu mashuhuri kuliko wote nchini hakusoma shule ya Kikatoliki! Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Tabora, shule ya Serikali, kisha Makerere. Alibatizwa Desemba 1943, mtu mzima, kwa kuchagua mwenyewe. Dini aliitafuta kwa miguu yake. Kwa upande wa pili, Benjamin Mkapa, Rais wetu wa 1995 hadi 2005, alipitia Ndanda, Kigonsera na hiyo hiyo Pugu. Sasa niambie, roho ya misheni ilikuwa kwa nani zaidi? Unaona swali lenyewe linavyoteleza.

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikaingia mikononi mwa Serikali. Majina ya watakatifu yakaondoka kwenye mbao: St. Francis ikabaki Pugu tu, Marian ya Morogoro ikawa Kilakala. Seminari zikaachwa kwa wenyewe. Na aliyetia saini alikuwa yule yule mwalimu wa Pugu, mtu asiyekosa misa.

Je, alitenda haki? Mimi nasema alitenda haki, na nitaeleza kwa nini, ingawa najua kuna watakaonuna.

Fikiria mtoto wa Kizaramo wa Kisarawe, miaka ya hamsini. Mwislamu, kama karibu majirani zake wote. Shule kubwa iko kilimani, anaiona. Njia ya kuifikia inapitia shule za chini, na nyingi kati ya hizo ni za misheni. Baba yake anaogopa, na hofu yake si ya kijinga: mtoto ataondoka Juma, atarudi Josefu. Basi anambakiza chuoni kwa maalim. Miaka ishirini baadaye tunahesabu nani yuko ofisini na nani anauza machungwa, halafu tunasema wale hawakupenda shule. Hivi kweli? Serikali ilipochukua, sala ya shule haikuwa tena sharti la kukaa bwenini. Kilichopotea kwa mzee wangu kilikuwa kengele ya misa. Kilichopatikana kwa mtoto yule kilikuwa kitanda.

Tena tuzungumze tarakimu, maana roho bila tarakimu hudanganya. Katika "Elimu ya Kujitegemea", kijitabu cha Machi 1967, Nyerere anataja kwamba mwaka 1961 wanafunzi wa sekondari katika Tanganyika nzima walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita ni 176. Nchi nzima! Hao ni wachache kuliko wanaosukumana kituoni Mbagala asubuhi moja. Ukichekecha nchi nzima ukabakiza hao, utashangaa vipi kwamba bweni lao lilikuwa na nidhamu na waliandika Kiingereza cha kunyooka? Chekecheo lilifanya nusu ya kazi. Sifa tukampa padri.

Lakini nusu tu. Hapa sitaki kuwa mchoyo. Nusu iliyobaki ilikuwa ya watu. Padri alikaa pale pale shuleni. Hakuwa na daladala ya kuwahi, hakuwa na tuisheni ya kufundisha Mwenge jioni ili watoto wake wale, maana watoto hakuwa nao. Usiku taa ikiwaka bwenini aliiona. Mwanafunzi akiumwa alijua. Huo ni ukaaji, na ukaaji haukuandikwa kwenye sheria yoyote ya kutaifisha. Serikali ilipokea vitanda, maktaba na maabara. Haikuwa na namna ya kusainiana kupokea mtu anayekesha. Ikaweka mwalimu mwenye familia, mwenye mshahara unaochelewa, katika nyumba inayovuja, kisha tukamuuliza mbona hana roho ya zamani. Mwalimu wa Serikali anayekaa na wanafunzi hadi saa tatu usiku kwa mshahara ule, mimi namwona amempita padri. Padri aliapa umaskini. Huyu hakuapa, amepewa tu.

Kwa hiyo roho ilihama? Tangu miaka ya tisini, milango ya shule binafsi ilipofunguka, Kanisa limejenga upya. Mwaka 1992 Serikali na makanisa wakatia saini makubaliano kuhusu huduma za jamii. Kwa miaka mingi majina ya watakatifu yalirudi magazetini kila matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora mwaka 2023. Kelele za "roho imerudi" zikawa nyingi. Sasa tembelea shule za namna hiyo siku ya kufungua. Hesabu magari getini. Tena bado kuna mtihani wa kuingia, kwa hiyo chekecheo lipo, ila sasa lina matundu ya aina mbili: la akili na la hela.

Mwaka 1970, sheria ile ikiwa mbichi, Nyerere alikwenda kwa masista wa Maryknoll, New York, akawaambia watu wa Kanisa kwamba wasiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, Kanisa litapoteza maana kwao. Walimsikiliza. Wengine walikereka, na si ajabu. Alikuwa ametoka kuwachukulia shule.

Pugu bado ipo kilimani, ya Serikali, na imekuwa ikipokea hata wanafunzi wasioona, ambao huandika kwa nukta nundu katika madarasa yale yale ya mapadri. Kuanzia Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za Serikali, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa mama ntilie wa Gongo la Mboto akifaulu anapanda kilima hicho na godoro lake kichwani, awe Juma au Josefu. Akifika juu atakuta mabomba yanayokatika maji na darasa lililojaa. Mzee wetu anayelilia roho anaishi umbali wa nauli moja tu kutoka pale. Alisoma bure, kwa ruzuku, kwa vitabu vya watu. Hajawahi kupanda tena tangu alipomaliza, hata kwenda kuwasomea wale wasioona kitabu kimoja Jumamosi.