Jicho Halina Tumbo

Wajukuu zangu wa Nyamirambo, wa Kimironko, wa Kicukiro, nisikilizeni. Ninyi mnaokopa kila kukicha, na ninyi mnaojigamba kwamba hamtaki tena kitu chochote duniani: nyote nawapenda, na nyote nawahofia.

Mji wetu wa Kigali umekaa juu ya vilima. Usiku ukisimama kwenye kilima kimoja unaona kingine kinawaka taa, na pale Kimihurura kuba la Convention Centre linabadilisha rangi tangu 2016. Kijana anatazama, anaanza kuhesabu: yule ana ghorofa, yule ana gari, mimi nina nini?

Hapo ndipo maradhi yanapoanza. Jicho halina tumbo, mwanangu, ndiyo maana halishibi.

Tazama harusi zetu. Kijana anataka kuoa, na kuoa ni jambo la heri. Lakini hataki kuoa tu, anataka aonekane anaoa. Msafara wa magari ya kukodi, ukumbi, sare za wasimamizi, wapiga picha. Michango ya WhatsApp haitoshi. Basi anaingia kwa banki lamberi, yule mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, anayehesabu riba kwa mwezi. Dhamana ni kiwanja alichoachiwa na baba yake.

Harusi ni siku moja. Mwezi wa tatu simu inaita, bwana harusi anaigeuza kifudifudi. Mwezi wa sita bibi harusi anaulizwa mlangoni mumeo yuko wapi. Mwaka haujaisha, kiwanja kimekwenda na mapenzi yamekonda. Picha peke yake ndiyo iliyobaki inacheka.

Na mikopo ya simu je? Inaingia kabla chai haijapoa, nawe unanunua viatu vya kutembea navyo mbele ya watu. Usipolipa, jina lako linaandikwa kwenye orodha ya wadaiwa. Siku utakapotaka mkopo wa maana, wa cherehani au wa pikipiki ya kazi, benki itakufungia mlango. Nakusihi, mwanangu, usifike huko.

Sasa nawageukia ninyi wengine, mliochoka na mbio hizi mkasema furaha ni kutotaka kitu. Mmesikia habari za Buddha aliyeacha raha za nyumba ya kifalme. Mmesikia habari za masufi waliovaa sufu na kulala njaa. Mnadhani mkizima kila tamaa mtapumzika.

Mimi ni mzee wa msikitini, nitawajibu kwa habari za mwanazuoni wetu Imam Ghazali. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi walikiota. Alijichunguza akaona anafundisha kwa ajili ya jina na sifa. Akaenda nchi ya Sham, akaishi kama fakiri. Lakini mwaka 1106 alirudi darasani, safari hii Nishapur, na mwaka 1111 akafariki.

Mnaona? Hakuacha kutaka. Aliacha kutaka macho ya watu. Elimu aliitaka mpaka mwisho.

Kwa hiyo kijana akiniambia hataki mke, hataki kazi, wala hajali kesho, simwiti walii. Namuuliza amekula lini, na nani amemvunja moyo. Mara nyingi hajawa huru na tamaa, ameumia tu. Ukiwa hivyo, mwanangu, usijifungie. Njoo kwa wazee, sema.

Namna ya kutaka vizuri, jifunzeni kwa jirani zenu wa vijijini. Tangu 2006 mpango wa Girinka unawapa ng'ombe familia maskini, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani asiye na ng'ombe. Maskini aliyepewa alimtamani ng'ombe miaka mingi. Kampata, watoto wamekunywa maziwa, samadi imeingia shambani. Kisha anamwongoza ndama kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa mwenzake. Angekuwa hataki kitu, nyumba mbili zingelala bila maziwa.

Lakini alipata, na akatoa. Tamaa isiyo na mlango wa kutokea humla mwenye nyumba.

Basi shikeni kipimo hiki cha babu yenu. Kabla ya kununua, jiulize: kama hakuna mtu atakayeona, bado nitakitaka? Ukijibu ndiyo, kitafute kwa jasho. Weka kidogo kidogo kwenye ikimina, kikundi cha akiba na wenzako, au kwenye SACCO, na uzee wako uukumbuke kwa akiba ya Ejo Heza. Ukijibu hapana, kiache kilale dukani.

Nakusihi tena, mwanangu, na wala sitachoka kukusihi: anayekopa ili aonekane, hulipa akijificha. Nimewaona wakihama usiku. Nimewaona mama zao wakiwaombea muda kwa wadai.

Furaha haimfuati asiyetaka kitu, wala haimfuati anayetaka kila kitu. Humfuata ajuaye anachotaka na mahali pa kusema yatosha. Mwenye deni aanze kulipa mwezi huu, hata kama ni kidogo. Asiye nalo asiliingie kwa ajili ya macho ya mtu.